Nani Asiye na Asili?

Oktoba 7, 2021, siku Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, nilikuwa zamu. Habari haijakaa sawa, ubishi ukaanza chumba kizima: tumwite nani? Mtanzania? Mzanzibari? Mwingereza mwenye asili ya Zanzibar? Mmoja akatukumbusha kwamba sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Mwingine akasema sheria kitu gani, huyu ni wetu, kazaliwa Unguja. Tulipima kila neno kama dhahabu, mwisho tukaandika "mzaliwa wa Zanzibar" na kwenda kula.

Naukumbuka ubishi ule kwa sababu miaka miwili baadaye niliandika maneno manne bila kubishana na mtu yeyote: mwenye asili ya Asia.

Habari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Watu watatu walifikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa tuhuma za kukwepa kodi: mfanyabiashara, mhasibu wake na dereva. Nikaandika majina, umri na makazi yao. Wa kwanza nikamwongezea na asili. Wale wawili hawakuwa na asili. Au niseme ukweli, sikuwapa.

Asubuhi yake simu ikaita. Ni rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, bweni moja, miaka minne.

"Mtani, yule mhasibu asili yake wapi?"

"Sijui."

"Na dereva?"

"Sijui, bwana. Sikuuliza."

"Sawa. Na huyu wa kwanza ulimuuliza, au ulimtazama?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Inabidi nieleze kwa nini ananiita mtani. Mimi ni Mzaramo. Yeye ni wa Tabora. Babu yake alikuwa na duka pale mjini, baba yake alizaliwa pale, na yeye mwenyewe Kinyamwezi anakijua kuliko Wanyamwezi wengi niliokutana nao Dar. Sasa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Tangu kidato cha kwanza yeye alishika haki yake: kunitania, kunitukania ukoo, kula chakula changu bila kuomba. Nami vivyo hivyo kwake.

Baba yangu alipofariki, alikuja msibani. Wanaojua misiba yetu wanajua kazi ya watani. Alivaa kanzu ya marehemu, akaigiza mwendo wake wa kuchechemea, halafu akakaa mlangoni akasema maiti haitoki mpaka alipwe. Watu walicheka huku wanalia. Baba yangu mdogo mmoja akanong'ona, "Mhindi naye mtani?" Shangazi akamjibu kwa sauti, "Kwani huyu si wa Tabora? Mlipeni tukazike." Akalipwa elfu kumi. Akadai nyingine, akapewa.

Huyo ndiye aliyenipigia simu. Mshtakiwa wala hakuwa ndugu yake. Hakumjua. Lakini aliposoma maneno yangu manne alijiona na yeye kapandishwa kizimbani.

Mhariri wangu nilipomweleza aliniambia nisijisumbue. "Si uongo. Kweli ana asili ya Asia. Msomaji anataka kujua." Kweli si uongo. Ndiyo shida yenyewe. Neno la kweli likiandikwa kwa mmoja tu kati ya watatu linasema jambo jingine kabisa. Linasema: hawa wawili ni wa hapa, huyu aeleze alifikaje.

Lugha nyingine huunganisha majina mawili kwa kistari kidogo, mtu akawa vyote viwili kwa mkupuo. Kiswahili chetu kinahitaji kishazi kizima: Mtanzania mwenye asili ya fulani. Hebu jaribu kukitumia kwa usawa. Mtanzania mwenye asili ya Kihehe kashinda mbio. Mtanzania mwenye asili ya Kizaramo kaandika makala hii. Umecheka? Basi unajua ninachosema. Sensa yetu haijatuuliza kabila tangu ile ya 1967, na tunajivunia hilo. Lakini kumbe msamaha ule wa kutoulizwa haukuwafikia wote.

Na si kwamba jambo hili halikufikiriwa. Mwaka 1958, katika mkutano wa TANU hukohuko Tabora, chama kilikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Rangi zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi ya kura. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa nchi mpya ufuate rangi. Nyerere aliwakatalia kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali hilo. Muswada ulipita, na kisheria kazi ikawa imekwisha. Mdomoni haijaisha.

Kwa nini mtu achukie neno dogo hivyo? Kwa sababu anajua linakoweza kwenda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wapo waliokuwa raia, na wengi karatasi zao za uraia zilikataliwa. Sisemi kwamba mwandishi anayeandika "asili" ni Amin. Nasema orodha ya namna ile haianzi siku ya amri. Huanza na mazoea ya kujua nani ni nani kwa kumtazama.

Wakenya wamejaribu njia nyingine. Wamakonde waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kabila la 44. Nawaelewa waliofurahi. Kwa Mmakonde aliyezaliwa Kenya bila karatasi, namba ile ilikuwa shule, kazi na akaunti ya benki. Lakini inanitia wasiwasi kwamba ili uwe raia kamili lazima kwanza uwe kabila. Tena kabila gani hilo, lenye Wagujarati, Wapunjabi na Wagoa ndani yake, kila mmoja na lugha yake na jikoni kwake?

Basi tufute asili zote? Hapana. Huwezi kuhakiki *The Gunny Sack* ya M. G. Vassanji (1989) bila kutaja Wahindi waliovuka bahari kuja pwani yetu. Ndiyo hadithi yenyewe. Na rafiki yangu hajawahi kuficha kwao. Harusini kwao huimbwa Kigujarati, na angekasirika vilevile kama ningeandika kana kwamba bibi yake hakuwahi kuwapo. Kumfuta mtu asili ni dharau ya aina yake.

Nilipofika ni hapa. Asili aliyoisimulia mwenyewe ni yake. Asili niliyombandika mimi kwa kumtazama ni yangu, inaeleza macho yangu. Na kipimo nilichonacho nimejifunza kwenye utani: je, anaweza kunirudishia? Akiniita Mzaramo mvivu wa kupenda ngoma, namwita Mnyamwezi mbeba mizigo, tunatoka sare, kwa sababu hakuna kati yetu anayeweza kumwambia mwenzake arudi kwao. Neno nililoliandika gazetini halina marudio. Yeye hana gazeti la kuniandika mimi mwenye asili.

Siku hizi nikihariri habari nafuta "mwenye asili ya" isipokuwa kama habari inakufa bila neno hilo. Mara nyingi haifi. Wenzangu wananiona nina mambo.

Rafiki yangu nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Tunaongea vizuri tu. Ila tangu siku ile haniiti tena mtani. Ananiita "ndugu mwandishi", kwa heshima zote. Mwezi uliopita alikuja kwangu, nikamtengea chakula, akasubiri mpaka nikamkaribisha.