Je, Walikusudia Waliyoyanena?

Usiku mmoja huko Mwera, wilaya ya Pangani, watu walikusanyika kiwanjani kutazama picha ya sinema ya maisha ya Bwana Yesu, ile iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kuifuata Injili ya Luka, ambayo imetiwa katika lugha ya Kiswahili na kuzungushwa vijijini miaka mingi. Ilipokwisha, wengi waliondoka kimya. Lakini wawili, mzee mmoja wa kanisa na mwalimu kijana wa wakatekumeni, walikwenda njiani wakibishana. Shauri lao lilikuwa neno moja la wale wakuu waliosimama penye msalaba, ambao kwa dhihaka walikiri kwamba mtu huyu aliwaokoa wengine, wakamtaka aiokoe na nafsi yake (Luka 23:35).

"Mzee wangu," akasema mwalimu, "wale walijua wanenalo. Walikusudia."

"La, mwanangu," akajibu mzee, "neno liliwaponyoka. Ulimi hauna mfupa. Ni adui gani amshuhudiaye mema mtu anayemwua?"

Waliposhindwa kupatana walituletea sisi, nasi twaona yafaa tulipime shauri hili hapa, maana lagusa mambo yaliyo makubwa kuliko sinema.

Labda mtu atasema upesi kwamba katika sinema hakuna neno liponyokalo. Ni kweli. Zile picha zilizotengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, hazikuwa na sauti ndani yake. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, yakapigwa pamoja na picha, ili watu wa kila nchi wasikie lugha yao. Mtu mwovu wa picha za namna hiyo hawezi kuteleza ulimi, kwa kuwa hata sauti si yake. Lakini neno hili la wakuu halikubuniwa na watengenezaji wa picha; wamelipokea kwa Luka. Basi swali ladumu juu ya wakuu wenyewe.

Mwalimu ana hoja yenye nguvu. Wenye dhihaka huchagua maneno yao. Tena mambo ya Yesu hayakufichika: mtu mwenye mkono uliopooza aliponywa ndani ya sinagogi, mbele ya macho ya waandishi na Mafarisayo, nao wakajawa na hasira (Luka 6). Hawakuweza kukana kilichoonekana, basi wakakigeuza kuwa mwiba. Ni desturi ya wabishi kukubali jambo moja ili walipindue lingine.

Hoja ya mzee nayo si nyepesi. Luka asema watu walikuwa wamesimama wakitazama. Adui mwenye akili, atakaye kulifuta jina la mtu mbele ya watu, angesema kwamba hakumwokoa mtu yeyote. Hawa, kwa kulewa furaha ya kushinda, walitoa ushahidi ambao hakuna aliyewaomba.

Sisi twaona kwamba kila mmoja ameshika upande wake wa kweli. Mtu akirusha jiwe mwembeni ili amfukuze kunguru, na embe likaanguka mbele ya mtoto mwenye njaa, je, alikusudia? Jiwe alilikusudia, embe hakulikusudia. Vivyo hivyo wakuu walikusudia neno, lakini ushuhuda uliokuwa ndani ya neno hawakuukusudia. Yohana atufundisha jambo hili juu ya Kayafa, aliyeshauri kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu: yeye alikusudia shauri la kuua, lakini hakulinena kwa nafsi yake tu, bali alitabiri asijue (Yohana 11). Neno moja lilikuwa na makusudi mawili.

Je, mwenye dhihaka atapata thawabu kwa embe lililoanguka? Hasha. Atahukumiwa kwa shabaha yake. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa nia ya mwanadamu, atoa mfano wa mpanda farasi aliyepanda farasi kilema: safari ni ya mpanda farasi, lakini kuchechemea ni kwa farasi mwenyewe. Tena Mungu aliifikisha dhihaka ile mbali kuliko walivyodhani. Maana ni kweli, Yesu asingeweza kuwaokoa wengine na kujiokoa nafsi yake pia. Alichagua.

Sasa na tujiangalie sisi. Twakumbuka baraza moja la wazee ambapo mtunza sanduku, akitoa hesabu ya sadaka, alisema "fedha yangu" mahali pa "fedha yetu". Mmoja akanong'ona, "Limemtoka la moyoni." Kabla ya jua kuchwa alikuwa ameondolewa katika kazi. Nasi tulikuwapo, tukanyamaza. Vitabu vilipokaguliwa baadaye, hakuna hata senti moja iliyopotea.

Bwana alisema kweli kwamba kinywa hunena yaujazayo moyo (Luka 6:45). Lakini mtungi hujulikana kwa maji uyamwagayo kila siku, wala si kwa tone moja. Shabaha ya wakuu twaijua, kwa kuwa Luka ametuonyesha kabla ya msalaba kwamba walitafuta kumwangamiza (19:47). Mtunza sanduku alikuwa na miaka mingi ya uaminifu, nasi tuliipima kwa silabi mbili. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, katika amri ya nane, yatuagiza kumtetea jirani na kuyaelekeza mambo yake kwenye wema. Tulikuwa tukiwafundisha watoto maneno hayo kila juma.

Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatusamehe. Lakini kazi ile hakukubali kuirudia.

Basi, ninyi mfundishao, mtakapolisoma neno la wakuu pamoja na wakatekumeni, waacheni wabishane kama wale wawili wa Mwera. Kisha waulizeni ni lini mara ya mwisho walipolishika neno lililomponyoka jirani, na kama walikwenda kumwuliza mwenyewe alikusudia nini.