Neno la Jumapili: Kushuka Inchi Nne

Somo: Yohana 13:1–15



Wengi wenu mnaifahamu ile trela yetu ndogo ya kupigia kambi, maana watoto wenu wamelala ndani yake wakati wa kiangazi. Tuliinunua ikiwa imetumika. Baridi ya kwanza hapa Minnesota tuliiacha nje, tukaifunika turubai tukadhani inatosha. Theluji ilikaa juu ya paa, ikayeyuka, ikaganda tena, na maji yakapenya kwenye maungio. Theluji ilipoisha, tulifungua mlango tukakuta magodoro yameota kuvu. Tukasema baridi nyingine trela hii italala ndani ya gereji.

Tatizo likawa mlango. Mlango wa gereji yetu, kama ya nyumba nyingi za hapa Marekani, una urefu wa futi 7, yaani inchi 84. Trela ina inchi 87 kutoka chini hadi kwenye kifuniko cha tundu la hewa juu ya paa. Kwa ajili ya inchi 3 tu, mali yetu ingekaa kwenye barafu miezi yote ya baridi.

Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa fundi wa malori kabla ya kuja huku, alikuja akaizunguka, akacheka. Akasema, "Wanangu, msiguse paa. Badilisheni magurudumu."

Trela yetu inatembea kwa matairi ya rimu ya inchi 13, ambayo kipenyo chake ni kama inchi 24. Tukatafuta magurudumu madogo ya rimu ya inchi 8, kama yale ya vitrela vya mizigo midogo, yenye matundu matano ya boliti yaliyopangwa sawasawa na ya kwetu. Kipenyo chake ni kama inchi 16. Bahati nzuri ekseli yetu haina breki. Penye ngoma kubwa ya breki, rimu ndogo namna hiyo haiingii.

Sisi wazazi tukapiga hesabu kwa sauti: 24 toa 16 ni 8, basi itashuka inchi 8. Kijana wetu wa miaka 15, aliyekuwa ameshika tochi, akasema bila kututazama, "Nne tu. Ekseli iko katikati ya gurudumu."

Wapendwa, hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyotuambia kwa hiari yake kwa wiki tatu. Ametupa ruhusa tuwaeleze sababu.

Wiki hizo tatu kabla, ujumbe ulitoka shuleni kwamba hajawasilisha kazi zake za hesabu. Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, tumechoka, na nyumba ilikuwa na wageni. Tulimgombeza mbele yao wote. Tukamwambia ni mwongo. Tukamkumbusha tuliyoyaacha nyumbani kwa ajili yake. Alijaribu kusema kwamba alizipeleka, tukamnyamazisha. Siku nne baadaye shule ikaandika tena: kazi zilikuwapo, ila alama zilikuwa hazijaingizwa. Tulisoma ujumbe ule, tukatazamana, tukanyamaza. Tulimpikia chakula anachokipenda, tukatumaini ataelewa. Hakuelewa. Alichukua sahani, akaenda kula chumbani kwake.

Kwa nini tulinyamaza? Mnajua kwa nini. Sisi tulilelewa hivyo. Mzazi akikosea, ananunua soda, hasemi samahani. Tuliogopa kwamba tukimwomba mtoto msamaha, heshima yetu itaanguka na hatutaweza kuiokota tena katika nchi hii ambamo watoto tayari wanatusahihisha Kiingereza.

Sasa tutazame somo letu. Yohana anatuambia kwanza kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Ni baada ya hapo tu ndipo anaondoka mezani, anavua vazi lake, anajifunga kitambaa na kuosha miguu. Alishuka kwa sababu alijua yeye ni nani. Asiyejua yeye ni nani ndiye anayeogopa kushuka.

Tena angalieni mstari wa 12 na wa 13. Alipomaliza, alivaa tena mavazi yake, akaketi mahali pake, na akakubali kwamba wanafanya vema kumwita Mwalimu na Bwana. Kitambaa hakikumpunguzia ubwana hata kidogo. Wanafunzi wale hawakumdharau kuanzia usiku ule.

Ndivyo alivyosema fundi wetu. Msiguse paa. Trela iliyoshuka inchi 4 bado ina kitanda chake, jiko lake na madirisha yake. Haikupungua kitu, ila sasa ilipita mlangoni.

Jioni ile tuliweka vizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili, tukainua kwa jeki upande mmoja baada ya mwingine. Nati za gurudumu huwezi kuzikaza vizuri ukiwa umesimama. Mmoja wetu alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, na mtoto amesimama juu yake na tochi. Hapo ndipo tulipoweza kusema: "Mwanangu, zile kazi ulizipeleka. Tulikuita mwongo mbele ya watu, na haikuwa kweli. Tumejua muda mrefu. Tusamehe." Tochi ilitikisika. Hakusema mengi. Alisema, "Sawa," kisha akainama akashika spana. Jumapili iliyofuata tuliwapigia simu wageni wale na kuwaambia kwamba mtoto hakukosa. Aibu tuliyompa ilikuwa ya hadharani, kwa hiyo na msamaha ulipaswa kuwafikia.

Trela ikaingia. Juu ilibaki inchi 1.

Lakini kuna jambo la pili, na tunaomba mlisikie, hasa ninyi tunaofanya nanyi kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Magurudumu yale madogo ni ya kuingilia gereji, si ya barabara kuu. Yanabeba uzito mdogo, ndiyo maana tulimwaga maji ya tangi na kutoa mizigo kwanza. Ukiyapeleka kwenye mwendo wa maili 60, yatazunguka mno na beringi zitapata moto. Kwa hiyo unyenyekevu si kukubali kila mtu akukanyage. Agizo likiwa na hatari kwa mgonjwa, muuguzi anapaswa kusema, hata kama lafudhi yake inachekwa. Na wewe uliyekuwa mwalimu nyumbani na leo unasukuma vitanda, fanya kazi hiyo kwa heshima, lakini usiwaache wanao wadhani hicho ndicho kimo chako. Wasimulie ulikotoka.

Jambo la mwisho. Ukirudisha magurudumu makubwa, nati hukazwa kwa kupishana, kama unachora nyota, na baada ya maili kama 50 unasimama unazikagua tena. Msamaha nao ni hivyo. Sisi tulirudi kumuuliza kijana baada ya wiki mbili, "Bado kuna kitu moyoni?" Kilikuwapo. Tukaongea tena.

Wapendwa, baridi inakuja. Nani nyumbani kwako anasubiri neno lako moja? Mume, mke, mtoto, dada mliyekosana kuhusu pesa za mazishi? Pima mlango. Huenda umekosa inchi chache tu. Usingoje kuvu.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyejua wewe ni nani na bado ukachukua kitambaa, tuondolee woga wa kushuka mbele ya walio wadogo kwetu. Utupe kusema samahani kabla theluji haijaanguka. Linda nyumba zetu, watoto wetu na walio zamu usiku huu. Amina.