Toba ya Kusahau

Tarehe 20 Machi 2009, televisheni ya Sci Fi ya Marekani ilirusha sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Battlestar Galactica, na ndani yake likatolewa pendekezo ambalo watazamaji wengi walilipokea kama hekima. Binadamu walionusurika maangamizi ya sayari kumi na mbili, waliokuwa karibu 50,000 safari ilipoanza na sasa hawafiki 40,000, wamefika kwenye sayari yenye maji, majani na wanyama. Mpango wa kwanza ni kujenga mji. Mmoja wa viongozi wao, Lee Adama, anaukataa. Hoja yake ni kwamba ujuzi wao umekuwa ukitangulia mbio huku roho zikiachwa nyuma, na kwamba njia ya kuvunja mzunguko wa vita ni kuacha kila walichokuja nacho. Basi meli zote, pamoja na manowari Galactica yenyewe, zinaelekezwa kwenye jua zikiongozwa na mwenzao Samuel Anders, na watu wanatawanyika nyikani na mizigo michache mgongoni. Nasema kwamba tendo lile, ingawa lilitokana na majuto ya kweli, halikuwa toba. Lilikuwa kusahau, na kusahau hakujawahi kumtakasa mtu. Tena ushahidi mkubwa wa neno hili umo ndani ya msimu huohuo wa mwisho.

Si kosa kuichukulia hadithi ya kubuni kwa uzito kiasi hiki. Siku tatu kabla ya sehemu ile kurushwa, Umoja wa Mataifa jijini New York uliwaalika watayarishaji Ronald D. Moore na David Eick, pamoja na waigizaji Edward James Olmos na Mary McDonnell, kujadili haki za binadamu, ugaidi na upatanisho kwa kutumia mifano ya tamthilia hiyo. Na kisa chenyewe kinauliza swali la dini waziwazi. Binadamu waliunda mashine zinazofikiri, Cylon, wakazifanya watumwa na askari. Watumwa wakaasi. Baada ya miaka arobaini ya kusitisha vita wakarudi na mabomu ya nyuklia, wakiwa na dini ya Mungu mmoja, dhidi ya waumbaji wao walioabudu miungu mingi. Kisha tunaambiwa kwamba haya yote yaliwahi kutokea zamani, na zamani ya zamani. Swali linalobaki ni moja: watu waliorithi dhambi ya aina hii wafanye nini ili isirudi?

Dini zetu zimelijibu swali hilo kwa utaratibu, si kwa hisia tu. Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, anaweka masharti ya toba: mtu aiache dhambi, aijutie, aazimie kutoirudia, na kama dhambi inamhusu mwanadamu mwingine, amrudishie haki yake. Kanisa Katoliki nalo, katika kitubio, linadai majuto, maungamo na malipizi. Tazama jinsi kila sharti linavyoegemea kumbukumbu. Huwezi kujutia usilolikumbuka, wala kuazimia kutorudia jambo usilolijua jina, wala kumrudishia haki mtu uliyekwisha kumsahau. Mwenye kutubu anatakiwa alijue kosa lake vizuri zaidi kuliko alivyolijua siku alipolitenda. Ndiyo maana muungamishi haridhiki na mtu anayesema tu kwamba amekosa. Anataka kusikia amekosa nini.

Nikiwapima manusura wa Galactica kwa kipimo hicho, sharti moja walilitimiza vizuri, na haki itendeke kulisema. Cylon wa chuma, wale Centurion, walikuwa wamefungiwa kifaa cha kuwazuia wasijiamulie. Kundi la Cylon wenye sura ya binadamu lililowaasi wenzao lilikuwa limekwisha kukiondoa, na mwishoni Centurion wanapewa chombo chao cha anga waende zao wakiwa huru. Ni kurudisha haki kwa maana kamili: mtumwa anapewa uhuru pamoja na chombo cha kuutumia, na aliyemwachia anakubali hatari kwamba siku moja anaweza kurudi kulipiza. Sioni tendo jingine katika sehemu ile lililo zuri kama hili. Lakini wakati huohuo waliomwachia huru Centurion wanaamua kwamba watoto wao hawatajua kuwa aliwahi kuwepo.

Ndani ya Galactica kulikuwa na korido iliyojaa picha za waliokufa. Zilibandikwa ukutani moja juu ya nyingine, mume, binti, rubani, hadi ukuta wenyewe ukawa hauonekani. Katika msimu wa mwisho, baada ya binadamu na kundi moja la Cylon kufunga ushirika, Cylon nao wanakuja na picha za maiti wao na kuzibandika kwenye ukuta uleule. Yeyote aliyefuatilia misimu mitatu ya mauaji kati ya pande hizi mbili anajua uzito wa jambo hilo. Hakuna mkataba uliosomwa. Adui ameleta msiba wake mahali pa msiba wako, na hukumfukuza. Upatanisho wa kweli wa tamthilia hii ulifanyikia pale, na ulifanyika kwa njia ya kukumbuka pamoja. Hata kama kila mtu alibandua picha yake na kwenda nayo, korido ile iliteketea pamoja na meli, na ukuta wa pamoja haukujengwa tena mahali popote.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba wiki chache kabla, tamthilia ilikuwa imekwisha kutuonyesha mtu anayefuta kumbukumbu, na ilikuwa imemwita mwovu. Katika sehemu iitwayo No Exit, ya Februari 2009, tunajifunza habari za Cylon watano wa mwanzo. Hao walitoka kwenye sayari iliyoangamizwa na mashine zake yenyewe. Walisafiri takriban miaka elfu mbili kuja kuwaonya wanadamu wa sayari kumi na mbili wasirudie kosa lile. Walichelewa, vita vilikuwa vimekwisha kuanza, lakini onyo walilobeba ndilo lililowawezesha kuvisimamisha kwa kufanya makubaliano na Centurion. Kisha Cavil, kiumbe waliyemuumba wao wenyewe, akawageuka, akawafuta kumbukumbu na kuwapandikiza miongoni mwa wanadamu bila wao kujijua. Mtu pekee aliyewahi kuusimamisha mzunguko alikuwa mtu aliyekumbuka, na aliyeurudisha alikuwa mfutaji. Lee hana chuki ya Cavil hata chembe. Nia zao zimeachana kama ardhi na mbingu. Ila kwa mtoto atakayezaliwa baada yao matokeo ni yaleyale: anakua bila kujua yeye ni nani na ni nini kilichowapata waliomtangulia.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka ndani ya sehemu hiyohiyo ya mwisho. Pande mbili zinakaribia kufanya amani. Cylon watano wanakubali kuunganisha akili zao ili wampe Cavil ujuzi wa kufufuka, na kabla ya kuungana, mmoja wao, Tory, anawaomba wenzake waahidi kusameheana lolote watakaloliona. Wanaungana, na mwenzao Galen Tyrol anaona kwamba Tory ndiye aliyemuua mkewe, Cally. Anamkaba shingo hadi anakufa. Muungano unakatika, Cavil anadhani amelaghaiwa, risasi zinaanza tena. Mtetezi wa Lee anaweza kusema: tazama, kumbukumbu imeiua amani mbele ya macho yetu, na laiti Tyrol asingejua, maelfu wangenusurika. Sitaki kulipuuza neno hilo, maana lina damu ndani yake. Lakini tuangalie ni kumbukumbu ya namna gani iliyoua. Ilikuwa siri. Tory alikuwa na siku nyingi za kumwendea Tyrol na kumwambia, naye hakwenda. Badala yake aliomba msamaha wa jumla kwa kosa ambalo hajalitaja, kutoka kwa mtu asiyejua anasamehe nini. Hakuna dini ninayoijua inayoukubali msamaha wa namna hiyo. Kilichovunja amani ni ungamo lililokosekana, na uamuzi wa kuzitupa meli ni ombi lilelile la Tory likifanywa kwa niaba ya umma mzima: tusamehewe, lakini tusitaje.

Wapo watakaoniambia kwamba mataifa halisi yamewahi kupona kwa kunyamaza. Hispania, baada ya kifo cha Franco, ilipitisha sheria ya msamaha mwaka 1977, na vyama vikakubaliana kimyakimya kutofukua ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Demokrasia ikasimama, na hilo si jambo dogo. Nakubali kwamba kizazi kilichochoka kinaweza kuhitaji kunyamaza ili kipate kulala usiku. Hata hivyo mwaka 2007 nchi hiyohiyo ilitunga sheria ya kumbukumbu ya kihistoria, na wajukuu wamekuwa wakitafuta mifupa ya babu zao kwenye makaburi ya pamoja kando ya barabara. Ukimya wa wazee uliwezekana kurekebishwa kwa sababu mifupa ilikuwepo na nyaraka zilikuwepo. Waliokuja na Galactica hawakuwaachia wajukuu wao hata mahali pa kuchimba. Uchovu unaeleza kwa nini walikubali karibu bila ubishi, lakini uchovu wa baba haumpi haki ya kutumia urithi wote wa mtoto.

Na walitawanyika wapi? Tamthilia inasema wazi. Miaka 150,000 baadaye tunaonyeshwa New York ya leo, na Moore mwenyewe yumo kwenye picha, akisoma jarida lenye habari za kupatikana kwa mabaki ya mama wa wanadamu wote, aliyeishi mahali panapoitwa sasa Tanzania. Wazo hilo limeazimwa kwenye sayansi halisi. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha katika jarida la Nature utafiti unaoonyesha kwamba mitokondria za watu wote walio hai zinafuatiliwa hadi kwa mwanamke mmoja, huenda wa Afrika. Lakini kama Tanzania ndiyo iliyochaguliwa, basi ingepaswa kuulizwa. Zana za mawe za Olduvai, nchini humo, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 1.8. Ardhi ambayo wageni wanaitazama kwa darubini kana kwamba ni mahali pasipojua zana ilikuwa, kwa kweli, miongoni mwa karakana kongwe duniani. Ndoto ya Lee ya kumrudisha binadamu kwenye hali ya kabla ya zana haina mahali pa kutua, kwa kuwa binadamu wa aina hiyo hajawahi kuwepo. Wenyeji wa sayari ile, ambao tamthilia inawaona kama watu wasio na lugha (naona hapo iliwadhulumu), walikuwa warithi wa ufundi uliofunzwa na kukumbukwa kwa vizazi visivyohesabika. Zana haikuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kuunda chenye akili na kukataa kukiita ndugu, na dhambi hiyo haikuwemo ndani ya meli, kwa hiyo jua halikuweza kuichoma.

Mama huyo wa wanadamu, kwa mujibu wa kisa, ni Hera, binti wa afisa Karl Agathon, binadamu, na Sharon aitwaye Athena, Cylon. Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Kwa hiyo, tukiifuata hesabu ya hadithi yenyewe, kila mtu anayetembea New York, Dar es Salaam au Muscat anabeba urithi wa mwanamke aliyeundwa na ambaye jamaa zake waliitwa mashine. Habari hii pekee ingetosha kumzuia mtu yeyote kujenga upya soko la watumwa wa chuma. Nayo ndiyo hasa iliyopotea. Majina ya miungu, Zeus, Athena, Apollo, tunayo bado. Wimbo wa Bob Dylan uliowaita wanne kati ya Cylon watano tunao bado, unasikika mitaani huku roboti wakicheza kwenye skrini. Kumbe kumbukumbu iliweza kuvuka miaka 150,000. Ilivuka katika vitu ambavyo hakuna aliyeamua kuvitupa.

Limebaki pingamizi la wacha Mungu, nalo nalichukulia kwa heshima. Malaika wawili, wenye sura za mwanasayansi Baltar na Cylon aitwaye Six, wanatembea kando ya msomaji wa jarida wakijadiliana kama mzunguko utarudi, na mmoja anatumaini kwamba safari hii huenda mambo yakawa tofauti, na kwamba hilo nalo limo katika mpango wa Mungu. Ikiwa ni mpango wa Mungu, sisi ni nani kuulaumu uamuzi wa Lee? Lakini tufuatilie jinsi Mungu huyo alivyofanya kazi tangu mwanzo. Aliwaongoza kwa maandiko ya kale. Aliwaonyesha Rais Roslin, Athena na Six ndoto moja ya jumba la opera, ili siku ya hatari wamtambue mtoto Hera. Na sayari yenyewe haikupatikana kwa hesabu za nahodha: rubani Kara Thrace aliziingiza noti za wimbo aliofundishwa na baba yake utotoni, zikawa namba za njia, na meli ikaruka mahali palepale. Anayeutetea uamuzi ule kwa jina la Mungu itabidi aeleze kwa nini Mungu huyo, katika misimu minne, alituma unabii, ndoto na wimbo, wala hakumtuma hata mara moja mtu wa kufuta.