Mzee na Kazi Asiyoichagua

Yuko mzee mmoja katika historia ya Kanisa ambaye hakuwa padre wala mtawa, lakini uzee wake waweza kutufaa sana majumbani mwetu. Ndiye Michelangelo Buonarroti, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1475. Alikuwa mchongaji wa marumaru, na barua zake nyingi alizitia sahihi akijiita hivyo, mchongaji. Sanamu ya Bikira Maria akimpakata Mwanawe aliyeteremshwa msalabani, iliyomo katika Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, aliimaliza kabla hajatimiza miaka 25.

Kuchora ukutani hakukumpendeza. Ni kweli kwamba tangu 1508 hata 1512 alichora dari ya Kikanisa cha Sisto kwa amri ya Papa Yulio II, lakini alinung'unika kwamba hiyo si kazi yake. Alipoimaliza akairudia patasi, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuchora ukuta tena.

Mwaka 1534 akachaguliwa Papa Paulo III, naye akamtaka achore Hukumu ya Mwisho juu ya altare ya kikanisa kile kile. Mzee akajitetea: alikuwa bado na deni la kaburi la Papa Yulio, aliloagizwa tangu 1505. Baba Mtakatifu hakuupokea udhuru huo. Basi mwaka 1536, akiwa na umri wa miaka 61, mchongaji akapanda jukwaani.

Yafaa tujue ugumu wa kazi yenyewe. Lipu ya chokaa hupakwa ukutani kiasi cha kutosha siku moja tu, na fundi hutia rangi kabla haijakauka. Jioni akiona amekosea, hana budi kuibomoa. Tena mchongaji huondoa, mchoraji huongeza. Mkono uliozoea kuondoa kwa miaka 40 sasa ulitakiwa kuongeza. Katika kazi hiyo mzee alianguka kutoka jukwaani akaumia mguu. Hata hivyo picha ilifunuliwa mwaka 1541.

Je, akaachwa apumzike? La. Papa alikuwa amejenga kikanisa kingine hapo hapo Vatikano, Kikanisa cha Paulo, na tangu 1542 mzee akaanza kuta mbili za humo. Mwaka 1544 aliugua sana, akapona, akarudi. Alimaliza mwaka 1550 akiwa na miaka 75. Rafiki yake Vasari ameandika kwamba mzee alimwambia kuchora juu ya lipu mbichi si kazi ya wazee. Wala hakumdanganya.

Zitazameni picha hizo mbili mkipata nafasi, hata vitabuni. Moja yaonyesha Sauli akianguka njiani kwenda Damasko. Kitabu cha Matendo ya Mitume chamwita Sauli kijana. Lakini huyu wa ukutani ana ndevu ndefu za mzee. Twaamini mchoraji alijua alitendalo: wito wa Mungu hauulizi umri. Ya pili yaonyesha Mtume Petro akiinuliwa msalabani kichwa chini, naye amegeuza shingo kwa nguvu, anamkazia macho kila aingiaye. Kristo alikuwa amemwambia kwamba akizeeka mtu mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Ni nani angeweza kuchora maneno hayo vema kuliko mzee aliyepelekwa asikotaka?

Nasi tunao wazee wetu. Wako akina bibi waliodhani wamekwisha lea, kumbe wajukuu yatima wameletwa mlangoni. Yuko fundi seremala aliyeombwa na padre wake kufundisha katekisimu, naye amezoea randa, hakuzoea kusema mbele ya watu. Hatusemi watwishwe mizigo ya vijana. Jambo hilo ni dhambi, na wenye nguvu nyumbani watajibu mbele ya Mungu. Lakini tusiwaambie kwa ulimi wa upole kwamba kazi yao imekwisha, hali maana yetu ni kwamba hatuwahitaji. Nanyi wazee wetu, shikamooni: mkiombwa jambo msilolizoea, msikimbilie kusema mkono umekwisha kauka. Nung'unikeni kidogo, kama alivyonung'unika yeye, kisha pandeni jukwaani.

Kikanisa cha Paulo kingali kinatumika, na matengenezo yake makubwa yalimalizika mwaka 2009. Makardinali hukusanyika humo kusali kabla ya kuandamana kwenda Kikanisa cha Sisto kumchagua Papa. Ndivyo walivyofanya tarehe 7 Mei 2025, wengi wao wazee, na Petro akiwakazia macho kutoka ukutani. Kesho yake mmoja wao, mwenye umri wa miaka 69, alitoka barazani mbele ya watu akiitwa Papa Leo XIV.