Chokoleti ya Vifaru

Miraa haioti Sericho. Inatoka Igembe, kule Meru, imefungwa kwa majani ya mgomba, na magari yanayoishusha nyanda za Isiolo hayana breki ya aibu, maana kathinoni, kiini cha nguvu yake, hufifia ndani ya siku mbili hivi. Ikifika barazani huitwa veve, huitwa gomba. Ipo hata daraja iitwayo giza. Kijana huitafuna na Big G kupunguza uchungu, na akichangamka husema ameshika handas. Neno la kulewa hulisikii.

Wajerumani walitangulia kwa utamu huo wa majina. Mwaka 1938 kampuni ya Temmler ya Berlin ilianza kuuza Pervitin, kidonge cha methamfetamini, bila cheti cha daktari. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, kikapata jina la utani: Panzerschokolade. Panzer ni kifaru cha vita, Schokolade ni chokoleti. Wameyagandisha maneno mawili kama sisi tulivyogandisha mwana na jeshi. Chokoleti yenyewe haikuwamo hata chembe. Heinrich Böll, aliyekuja kutuzwa Nobeli ya fasihi mwaka 1972, alipokuwa askari kijana aliwaandikia wazazi wake zaidi ya mara moja wamtumie Pervitin. Mwenye akili kama yule! Kati ya Aprili na Julai 1940 jeshi lilipelekewa zaidi ya vidonge milioni 35 vya Pervitin na mwenzake Isophan. Watu wakakesha siku mbili, tatu. Kisha jasho, kizunguzungu, majonzi, na wapo ambao moyo ulisimama. Mwaka 1941 serikali ile ile ikavitia chini ya sheria ya afyuni, ingawa vitani viliendelea kugawiwa.

Miraa si Pervitin, asije mkulima wa Igembe akanishtaki. Ila tangu miaka ya 1970 wanakemia wanajua kuwa kathinoni ni ya ukoo wa amfetamini, na ukoo huo tabia yake ni moja: huufukuza usingizi, hauuondoi. Usingizi uliofukuzwa Sericho saa moja jioni hurudi Kulamawe saa nane ya usiku, usukani ukiwa mkononi, mbuzi nyuma, abiria juu yao.

Basi, ndugu yangu, kabla hujapanda lori la usiku, usimwulize dereva kama ana handas. Mwulize amelala lini.