Umemtuma, Mlipe

Ukiingia Sinza, Mabibo au Tabata kutafuta chumba, kinachokupokea kwanza ni kibao. Kimepigiliwa misumari kwenye nguzo ya umeme: DALALI. VYUMBA, FREMU, VIWANJA. Chini yake namba ya simu. Ukipiga, utaitwa bosi kabla hujataja jina lako.

Mpwa wangu alipata kazi maeneo ya Mwenge, akataka chumba chenye choo ndani na luku yake mwenyewe. Nikamsindikiza. "Ni hapo tu, bosi, dakika tano kutoka lami." Dakika hizo tano, tuligundua, ni za bodaboda tena barabara ikiwa kavu. Chumba tulichokiona kwenye picha kilikuwa kimechukuliwa "asubuhi hii hii", lakini kulikuwa na kingine cha bei ya juu kidogo. Kingine kilikuwa kizuri kweli, ila bei ilipanda tukiwa njiani. Huko mtaani nyongeza hiyo huitwa cha juu: mwenye nyumba ametaja laki na themanini, dalali anakutajia laki mbili. Na kabla ya kuonyeshwa chochote, kuna hela ya kuzungushwa, elfu kumi au zaidi, hairudi hata kama umeonyeshwa banda la kuku.

Tupige hesabu ya chumba hicho cha laki mbili. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 1,200,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 200,000. Kijana aliyeanza kazi juzi anatakiwa kushika 1,400,000 mkononi kabla hajanunua godoro. Wengi hukopa. Bado hajaambiwa kuhusu hela ya taka, ya mlinzi, wala kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na sijapata kumsikia dalali akiigusia.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano, na mwenye haraka hapatani vizuri.

Ni rahisi kumtukana dalali, na wapo wanaostahili, hasa wale wanaochukua kodi ya chumba kimoja kwa watu watatu kisha wanazima simu. Hao ni matapeli, wapelekwe polisi. Nina neno na dalali wa kawaida, yule kijana anayeshinda juani bila mshahara, ambaye hiyo laki mbili anaigawana na mwenzake aliyempa taarifa na mwingine mwenye funguo. Anafanya kazi halisi. Swali langu ni kazi hiyo anamfanyia nani.

Ananidai mimi mpangaji, lakini hajawahi kunishushia bei hata shilingi. Nikiuliza kama maji yanatoka, atasema yanatoka, maana akisema hayatoki atakosa chumba cha kuonyesha kesho. Ukuta una unyevu? "Ni rangi tu hiyo, mama." Tena mimi nikikaa miaka mitano kwa amani, yeye hapati kitu. Faida yake iko kwenye kuhama kwangu. Ndiyo maana miezi sita ikikaribia kwisha, wapo wanaompelekea mwenye nyumba mteja mwenye dau kubwa zaidi, na wewe unaambiwa mtoto wa familia anarudi kutoka masomoni.

Kwa hiyo mimi simlaumu sana dalali kama ninavyomlaumu aliye nyuma yake. Mwenye nyumba amepata mtu wa kumtafutia wapangaji, kuwachuja, kuwapandishia bei na kubeba matusi yao, na halipii hata senti. Ukilalamika kuhusu cha juu, anasema hayo ni mambo yako na dalali. Ukitaka kumwona kabla ya kulipa, yuko safarini. Baba wa watu, mwenda swala tano au mzee wa kanisa, anakula uongo uliosemwa kwa niaba yake na kunawa mikono.

Wewe unayetafuta chumba, usitoe kodi mpaka umwone mwenye nyumba ana kwa ana, au mtu ambaye serikali ya mtaa inamtambua kuwa msimamizi wake. Waulize wapangaji wa ndani kuhusu maji, si dalali. Mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila shilingi iwe na maandishi, ya dalali ikiwemo.

Na wewe mwenye nyumba, wapangaji wako wanajua unaishi wapi na kwamba husafiri. Toka nje uwaonyeshe chumba chako mwenyewe. Kama huna nafasi na umemtuma dalali, mlipe wewe.