Mjumbe Aliyekataa Siku ya Ijumaa

Mwanakondoo ameshinda. Nanyi mmeitika kama tunavyoitika siku zote: tumfuate. Maneno hayo sisi Wamoravian tunayo kwenye muhuri wa Kanisa, na watoto wetu hapa Itaka wanayajua kabla hawajajua kuhesabu. Jioni hii nataka tulishike lile neno la mwisho, tumfuate. Kushinda amekwisha kushinda yeye mwenyewe. Kumfuata kumeachwa mikononi mwetu.

Leo ni Ijumaa Kuu, siku aliyokufa Bwana wetu. Mara nyingi tunapoisimulia siku ile tunaisimulia kama jambo lililotokea juu ya mlima tu, kati ya Mungu na Mwanawe. Hebu itazameni tena kwa macho ya mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao. Kuliitishwa baraza usiku. Walitafutwa mashahidi, na ushahidi wao haukupatana. Fedha ilikuwa imekwisha kutolewa, vipande thelathini. Alikuwepo liwali aliyejua kuwa mtuhumiwa hana kosa, akalisema hilo kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akaagiza maji anawe mikono. Palikuwa na umati, na umati ule ulikuwa umechochewa na wakubwa. Bwana wetu aliuawa kwa misumari, lakini kabla ya misumari palikuwa na kikao.

Na ndani ya baraza lile alikuwemo mjumbe mmoja, Yusufu, mtu wa Arimathaya. Luka anatuambia kwamba mtu huyu hakukubaliana na shauri la wenzake wala na tendo lao. Yohana anaongeza jambo linalotugusa wengi wetu: alikuwa mwanafunzi wa Yesu kwa siri, kwa sababu ya hofu. Basi hakuwa shujaa wa kuzaliwa. Alikuwa mtu mwenye mali, mwenye heshima, mwenye mengi ya kupoteza, na aliogopa kama tunavyoogopa sisi. Lakini lilipofika lile la kukubali au kukataa, yeye hakukubali.

Nimelichukua jambo hili kwa sababu humu ndani kila benchi lina mjumbe. Yupo wa halmashauri ya kijiji, yupo wa bodi ya chama cha msingi cha kahawa, wapo wa kamati ya shule, wa kamati ya maji, wa vikoba, na baraza la wazee wa kanisa ndilo hili limekaa mbele yangu. Hakuna kati yetu aliye waziri. Lakini mambo ya watu wa Itaka yanapita mikononi mwetu kila wiki, na yanapita kwa kalamu.

Mniruhusu niwaambie langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya chama kimoja cha wakulima. Sitakitaja, na hakuna haja ya mtu kukibahatisha. Siku moja, nikiwa shambani nachuma kahawa, alikuja kijana na pikipiki, ameshika karatasi ya mahudhurio. Juu yake palikuwa na kichwa cha habari na tarehe, chini mistari ya majina. Akasema, mzee, weka sahihi hapa, wenzako wote wamekwisha kuweka, kikao chenyewe tutakaa baadaye. Nilitazama ile orodha. Wenzangu walikuwa wameweka kweli. Mikono yangu ilikuwa inanata utomvu wa matunda ya kahawa. Nikaifuta kwenye suruali, nikaweka sahihi kwa kulaza karatasi juu ya tangi la pikipiki, nikarudi kwenye mti wangu. Haikuchukua hata dakika mbili.

Kikao hakikukaa. Ile karatasi ilibanwa kwa pini nyuma ya muhtasari nisiouona, na muhtasari ule ulisema kamati imeridhia kila kilo ya mkulima ikatwe shilingi 50 kwa ajili ya mradi. Makato yalikatwa. Mradi haukujengwa. Siku ya malipo mama mmoja mjane, ambaye kahawa yake yote haikujaza hata magunia mawili, alinifuata nje akiwa na stakabadhi mkononi. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mzee, na wewe ulikuwepo siku hiyo?"

Wapendwa, sikuwa nimeiba hata senti. Nilikuwa natoa zaka. Nilikuwa mwalimu wa kipaimara. Lakini lile swali sikuweza kulijibu, kwa maana jibu la kweli ni kwamba sikuwepo, na karatasi ilisema nilikuwepo. Nilikuwa nimeshuhudia uongo, tena kwa maandishi, juu ya mali ya mjane.

Tangu siku ile nimekuwa nikimsoma Yusufu kwa namna nyingine. Maana nahisi baraza lile nalo halikujaa watu wabaya. Lilijaa watu waliochoka, wenye haraka, waliotazama orodha wakaona wenzao wamekwisha kukubali.

Bwana wetu alipoulizwa amri iliyo kuu alituagiza tumpende Mungu kwa moyo, kwa roho, kwa nguvu, na akataja pia akili. Sisi moyo tunao. Nguvu za kuimba tunazo, na mapambio yetu yanasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Akili ndiyo tunayoiacha mlangoni pamoja na viatu vya matope, kana kwamba kufikiri ni kukosa imani. Sivyo tulivyoanza. Wazee wetu Wanyiha wa Mbozi walipoletewa Injili, hawakuipokea kama mtu anayemeza dawa kwa kufumba macho. Mmisionari Traugott Bachmann alikaa na Wanyiha miaka mingi, na Agano Jipya likapigwa chapa kwa Kinyiha mwaka 1913. Kitabu kama kile hakifasiriwi na mgeni peke yake. Kila neno lilihitaji Mnyiha wa kuulizwa: haki kwenu mnaitaje, deni mnaliitaje, kusamehe ni kufanya nini hasa? Na Bachmann mwenyewe, aliyekuja na mengi ya kukataza, kadiri alivyokaa alizidi kujifunza kuwasikiliza wenyeji. Imani tuliyorithi ilipita kwenye maswali kwanza.

Kwa hiyo kuuliza kwenye kikao si ukorofi. Mtu akisema tusomewe muhtasari wa kikao kilichopita, hajamkosea heshima mwenyekiti. Akiomba kuona stakabadhi ya saruji, hajamwita mtu mwizi. Anampenda Mungu kwa akili yake.

Wengi wetu tuna vijana Tunduma. Wengine ni mawakala wa forodha, wengine wanabadilisha kwacha, wengine wanabeba mizigo kati ya kwetu na Nakonde, na wapo walioajiriwa kwenye kile kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Oktoba 2019. Wanaporudi nyumbani tunawauliza kama wanasali. Swali zuri. Lakini Yesu alimkuta Lawi pale pale mezani pake, kwenye forodha, na alipoingia nyumbani kwa Zakayo, toba ya Zakayo ilitoka kwa hesabu: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Yeriko alikokaa Zakayo ulikuwa mji wa njia kuu, wenye wasafiri na ushuru, unaofanana na Tunduma kuliko unavyofanana na Itaka. Basi kijana akija na kiatu kipya na simu kubwa, mzazi muulize pia kuhusu meza yake. Umekaa meza gani, na aliyepita mbele yako alilipa nini, na alipewa risiti? Na sisi tulio huku tusijione salama kwa kuwa tuko mbali na lami. Anayemshindilia mkulima gunia la lumbesa mpaka lipate shingo na kofia, kisha akalilipa kama gunia la kawaida, huyo naye ana meza ya ushuru. Na mfanyabiashara anayemlipa mama bei ya njaa kwa kahawa ambayo bado ni maua mtini, mwezi ambao mama huyo anahitaji ada ya mtoto, asituambie kuwa walikubaliana.

Nchi hii imepata kuona viongozi waliojua maana ya sahihi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye makampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943 na aliyekuja kuzigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, aliamini kuwa kiongozi hawezi kumtumikia mnyonge huku akifaidika na unyonge wake. Masharti yale yalilegezwa kwenye kikao kilichokaa Zanzibar mwaka 1991. Mimi naona tulipoteza kitu siku ile, hata kama siasa nyingine za Azimio zilitushinda. Kanisa Katoliki lilianza mwaka 2005 kuchunguza maisha ya Mwalimu ili kuona kama anastahili kutangazwa mwenye heri. Hilo ni lao kuamua. Langu ni kwamba aliyachukulia mambo ya umma kuwa mahali pa kumtii Mungu.

Lakini anayenifundisha zaidi juu ya sahihi ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki Februari 2024. Alikuwa Mwislamu, nami sioni aibu kumtaja chini ya msalaba. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu walioshikiliwa kwa tuhuma za mauaji kule Mwanza na Shinyanga waliteswa na vyombo vya usalama, na wengine wakafa. Mwinyi hakumgusa hata mmoja wao kwa mkono wake. Angeweza kuagiza maji anawe. Mwaka 1977 akajiuzulu, kwa sababu waliofanya vile walikuwa chini ya wizara yake. Pilato alikuwa na mamlaka yote akasema damu hii hainihusu. Huyu alisema inanihusu. Sijui mahubiri mengi ya Ijumaa Kuu yaliyonifikia ndani kama tendo lile.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine mngependa nisilifikie. Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliiachia nchi yetu makaburi. Watu waliuawa. Sisemi hapa nani alikuwa na haki juu ya kura. Humu ndani mpo wa vyama mbalimbali, nanyi nyote ni ndugu zangu. Nasema kuhusu ndimi zetu. Katika majuma yale nilisikia waumini wakiwazungumza wafu kwa hesabu ya chama: wa upande wangu ni mtoto wa mtu, wa upande wako alijitakia. Hilo si la wanafunzi wa Yesu. Umati wa Ijumaa ile nao uliambiwa nani apone na nani afe, ukarudia kama ulivyoambiwa.

Tumtazame tena Yusufu. Kikao kimemshinda, kura yake haikuokoa chochote, mtu asiye na hatia amekwisha kufa. Wengine wangesema sasa yamekwisha, turudi nyumbani, sabato inaingia. Yeye hapo ndipo hofu ilipomtoka. Alikwenda kwa Pilato kwa ujasiri, akaomba mwili. Hakuwa na hotuba. Aliomba mwili wa mtu aliyehukumiwa na baraza alilokuwa mjumbe wake, na kila mjumbe mwenzake angejua kesho yake nani aliuomba. Alinunua sanda ya kitani. Alitoa kaburi lake mwenyewe, jipya. Nikodemo naye, mjumbe mwingine, ambaye hapo kwanza alimwendea Yesu usiku, akaleta manukato ya ratili kama mia, mzigo wa kumwelemea mtu mmoja. Wanaume wawili wa baraza, wamepiga magoti, wakiosha damu kwenye mbavu za maiti jioni ya Ijumaa.

Nikimfikiria mtu aliyefiwa kwa vurugu katika nchi hii, nafikiri anahitaji kwanza watu wa namna hiyo. Wanaokuja na sanda. Wanaomsaidia kuuliza mwili uko wapi, wanaokaa naye matangani bila kumuuliza kadi ya chama. Maneno mengine yatafuata, na mengine ni lazima yafuate, kwa maana aliyeosha jeraha ndiye anayejua lilivyoingia.

Mtaniuliza yule mjane niliishia naye wapi. Nilisimama kwenye mkutano mkuu wa wanachama, msimu uliofuata, nikasema mbele ya watu kwamba sahihi ile ni yangu na kikao hakikukaa. Miguu ilinitetemeka. Wenzangu wawili walisimama baada yangu wakasema hivyo hivyo. Wengine hawakusimama, na mmoja hanisalimii mpaka leo. Fedha zilirudi kidogo tu. Za yule mjane nilizilipa mwenyewe, na kwa aibu sikujua nimwambie nini. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Akasema: "Siku nyingine wakija na pikipiki, waambie wakusubiri umalize kunawa."

Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, kuna kikao kijijini, na wajumbe wanne wamo humu ndani. Ajenda mnaijua. Kabla hatujaomba jioni hii, nawasihi hao wanne wasogee hapa mbele, tuwawekee mikono.